Misingi ya Biolojia ya Shule ya Upili: Marudio Kupitia Ugonjwa wa Selimundu

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hukutana na biolojia kama rundo la istilahi za kukaririwa kikasuku. Katika mtaala wa 8-4-4, mada ya seli iliwekwa katika kidato cha kwanza, usafirishaji wa damu katika kidato cha pili, nao urithi na mageuko katika kidato cha nne. Si ajabu kwamba wengi walipofika mwisho wa safari walikuwa wamesahau walikoanzia.

Makala haya yanadhamiria kuirejelea misingi hiyo kwa Kiswahili kupitia mfano mmoja: ugonjwa wa selimundu, ambao huonekana sana katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, unaziunganisha mada zilizotenganishwa na miaka. Pili, kutoielewa misingi yenyewe kuna gharama: mama hulaumiwa, ndoa huvunjika, na mtoto hucheleweshwa kupelekwa hospitalini huku jamaa wakimtafuta mchawi.

Seli na Kazi Yake

Mnamo 1665 Mwingereza Robert Hooke alikitazama kipande cha kizibo kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vidogo. Alivipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye huita “seli” chumba cha mahabusu na pia kiungo cha msingi cha mwili hana haja ya kuhangaika kuikumbuka asili hiyo. Baadaye, mwaka 1838 na 1839, Schleiden na Schwann walieleza kwamba mimea na wanyama wameundwa kwa seli. Na mwaka 1855 Virchow akasisitiza kuwa kila seli hutokana na seli nyingine.

Seli ya mnyama huzungukwa na utando unaodhibiti kinachoingia na kinachotoka. Ndani yake mna sitoplazimu, ambamo shughuli nyingi za uhai hufanyika, na kiini, ambacho huhifadhi maelekezo ya urithi. Seli ya mmea huwa pia na ukuta mgumu, na katika sehemu za kijani huwa na kloroplasti.

Hata hivyo, seli nyekundu ya damu ya binadamu hukipoteza kiini chake inapokomaa. Upungufu huu una faida: nafasi inayobaki hujazwa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Umbo lake ni la kisahani kilichobonyea pande zote mbili, hivyo eneo la kupitishia gesi ni kubwa, na seli yenyewe hujikunja kwa wepesi katika mishipa myembamba kabisa. Hapa pana kanuni ya kwanza ya biolojia: umbo huenda sambamba na kazi.

Oksijeni huingia katika damu kwa usambaaji, yaani mwendo wa chembe kutoka zilikosongamana kwenda zilikopungua. Katika mapafu oksijeni ni nyingi, hivyo huingia katika damu. Katika misuli inayofanya kazi ni chache, hivyo hutoka.

Kosa Dogo, Athari Kubwa

Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Utaratibu huo huamuliwa na jeni, yaani sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kuunda protini fulani. Katika ugonjwa wa selimundu, herufi moja tu ya maelekezo ya hemoglobini imebadilika. Kwa sababu hiyo, asidi amino ya sita katika mnyororo uitwao beta huwa valini badala ya asidi ya glutamiki.

Hemoglobini hii, iitwayo S, ikishaachilia oksijeni hushikamana na kuunda nyuzi ngumu. Nyuzi hizo huipinda seli hata ikafanana na mundu wa kukatia nyasi. Ni bayana basi kwamba istilahi “selimundu” imebeba maelezo ya ugonjwa ndani yake. Anayeujua mundu ameanza kuuelewa ugonjwa.

Seli zilizopindika huziba mishipa midogo, na mgonjwa hupatwa na maumivu makali. Aidha, huvunjika upesi. Seli ya kawaida huishi takriban siku 120. Selimundu huishi siku 10 hadi 20 hivi. Uboho wa mifupa hushindwa kufidia hasara hiyo, na mgonjwa hupungukiwa na damu.

Urithi na Lawama

Waswahili husema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Katika tabia huenda methali hii ikawa na ukweli. Katika jeni, ni nusu ya ukweli. Binadamu huwa na kromosomu 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba.

Mwenye jeni mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya kila aina, AS, ni mbebaji, na kwa kawaida haugui. Mwenye SS huugua, kwa kuwa amepokea S kutoka kwa kila mzazi. Kwa hivyo haiwezekani mtoto wa SS kuwa ametokana na mama peke yake.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, uwezekano katika kila mimba ni robo AA, nusu AS na robo SS. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba katika watoto wanne lazima mmoja augue. La hasha! Kila mimba huanza hesabu upya; huenda wote wanne wakawa wazima, au wawili wakaugua. Mzazi mmoja akiwa AA na mwenzake AS, hakuna mtoto atakayerithi SS. Mmoja akiwa SS na mwenzake AA, watoto wote watakuwa wabebaji.

Uteuzi Asilia

Kwa nini jeni yenye madhara haikutoweka? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949, akagundua kwamba wabebaji walikuwa wengi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji ana kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, watoto wa AS walinusurika zaidi na kuirithisha jeni hiyo.

Izingatiwe kwamba kinga hiyo ni ya mbebaji. Kwa mgonjwa wa SS, malaria ni hatari kubwa, na ni lazima akingwe.

Hitimisho

Ugonjwa mmoja umetupitisha katika seli, usambaaji, protini, jeni, urithi na uteuzi asilia. Mwanafunzi aliyeufuata mnyororo huo hahitaji kukariri kila pete peke yake.

Hali kadhalika, anaweza kuwaeleza jamaa zake, kwa lugha wanayoielewa, kwamba kipimo cha damu kabla ya ndoa huwapa wachumba habari, si hukumu. Kwamba mtoto akitambuliwa mapema, penisilini, kinga ya malaria na ufuatiliaji wa kliniki humwongezea miaka. Na kwamba aliyemzaa hakumroga. Maarifa ya kidato cha kwanza yakifika jikoni na barazani kwa Kiswahili, yatakuwa yamevuka mpaka wa mtihani.