Kupasha Nyumba Joto Bila Mbabula Ndani

Mama, Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na katika mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya digiri 10. Unaingiza mbabula ndani juu ya mutoto, unafunga mulango. Hapo ndipo hatari.

Makala, hata yakiwaka bila moshi, yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Inakamata nafasi ya hewa safi katika damu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika. Wengi wanazani ni malaria. Aliyelala anaweza asiamuke. Na mama mwenye mimba, mutoto wa tumboni anaweza kuumia kukupita wewe. Mukisikia hivyo, tokeni wote inje, mukuje hospitali mara moja.

Huko Korea walipasha sakafu kwa moshi unaopita chini yake. Joto lilikuwa zuri, lakini walipochoma makaa ya mawe, ufa mudogo tu uliua watu usingizini.

Fanya hivi: ukipika inje jioni, weka matofari mawili makavu ya kuchomwa pembeni ya moto. (Mawe ya mutoni hapana, yanapasuka!) Yakipata joto bila kuunguza kitambaa, yafunge vizuri, uyaweke ndani ya bulangeti. Mutoto akitaka kulala, yaondoe kwanza. Udongo wa chini unanyonya joto sana: tandika makartoni na mukeka chini ya godoro. Muchanga avae kofia, umushike uchi kifuani, bulangeti juu yenu.

Mbabula ibaki inje mpaka asubui, hata makala yakionekana yamekufa.