Spika ikianguka, nani alipe?



Mwaka jana katika shughuli ya walima huku Magomeni, spika iliyokuwa juu ya stendi ilianguka na kumvunja mguu bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele. Spika ilikuwa imeletwa na kikundi cha kaswida. Vijana wenyewe nawafahamu, saba kati yao nimewasomesha mimi. Usiku ule walilipwa shilingi 250,000, wakatoa nauli ya gari na kilichobaki wakagawana watu kumi na mbili. Matibabu ya yule bibi yalifika shilingi milioni 1 na laki 4.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenye shughuli alisema yeye alikodi kaswida, habari za spika hazijui. Msimamizi wa ukumbi alisema ukumbi una bima, lakini ni ya makosa ya ukumbi wenyewe, kama vile dari kuporomoka au ngazi kukatika, haihusu vyombo vya mtu aliyekuja kwa usiku mmoja. Vijana nao wakasema ni qadari ya Mwenyezi Mungu.

Ni kweli kila kitu ni kwa qadari. Lakini je, sharia imemwacha aliyedhurika abaki na qadari yake peke yake? Hasha. Mafakihi wana mlango mzima unaoitwa dhamana, na humo wametofautisha mtu aliyedhuru kwa mkono wake na mtu aliyesababisha tu. Wa kwanza hulipa hata kama hakukusudia. Wa pili hulipa akiwa amevuka mpaka au amefanya uzembe. Stendi ile haikufungwa kamba wala kuwekewa uzito chini, na ilisimamishwa kwenye njia ya watu. Nilipowauliza vijana nani aliikagua, walitazamana.

Kwa hiyo wanadaiwa. Tatizo ni kwamba hawana. Hili si tatizo geni katika Uislamu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akamrushia mwenzake jiwe, akafa yeye na mimba yake. Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa diya ya marehemu ilipwe na aqila ya muuaji, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Maana yake ni kwamba kosa lisilokusudiwa kuua hubebwa na kundi, ili aliyefiwa asikose haki yake na aliyekosea asifilisike. Zama za Sayyidna Umar (R.A.) aqila ilipanuliwa, na wale walioandikwa katika daftari moja la jeshi wakawa wanabebeana.

Bima ya dhima kwa umma inafanana sana na jambo hilo. Wengi wetu tunaijua bima ndogo ya gari, ile inayomlipa uliyemgonga bila kukutengenezea gari lako. Hii ni ndugu yake, ila inamhusu anayefanya kazi mbele ya watu. Mshereheshaji, mpiga dufu, fundi mitambo au mchekeshaji anayejitegemea analipa ada, na kampuni inabeba madai ya mtu wa nje aliyeumia au aliyeharibiwa mali kwa uzembe wake, pamoja na gharama za wakili, mpaka kikomo kilichoandikwa katika hati. Kiasi cha mwanzo cha kila dai kwa kawaida unakibeba mwenyewe. Dufu lako likipasuka, au wewe ukianguka jukwaani ukavunjika, bima hii haikuhusu. Uliyoyafanya kwa makusudi hayamo.

Kuna sharti moja linalowatia mashaka Waislamu wengi, nami lilinitia. Hati nyingi zinakataza usikiri dhima wala usiahidi malipo kabla ya kuiarifu kampuni. Je, tunafundishwa kuficha haki ya mtu? Nilirudi vitabuni nikakuta kwamba mafakihi walishalisema jambo hilo kuhusu aqila yenyewe. Aqila haibebi kosa la kusudi, wala haifungwi na suluhu aliyoifanya mkosaji peke yake, wala na kukiri kwake ambako wao hawakukusadikisha. Sababu iko wazi, ulimi wa mmoja usiwatwishe wengine deni. Kwa hiyo nenda hospitali, mpe pole mgonjwa, eleza ukweli wa kilichotokea bila kupunguza, na siku hiyo hiyo iarifu kampuni. Kutaja kiwango ndiko kunakosubiri.

Na mtu akifa kwa kosa hilo, diya inaweza kubebwa na wengine, lakini kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo inabaki juu ya mkosaji. Hakuna kampuni itakayokufungia.

Sasa, ni halali? Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alishaijadili bima ya meli na kuikataa. Karne iliyopita Sheikh Mustafa al-Zarqa aliona bima inafaa, lakini wanazuoni wengi hawakukubaliana naye, na Baraza la Fiqhi lililokaa Jeddah mwaka 1985 liliamua kuwa bima ya kibiashara ina gharari kubwa, na mbadala wake ni bima ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful. Wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya kutoleana, mwendeshaji analipwa ujira wake, fedha haziwekezwi kwenye riba, na ziada inaweza kurudishwa kwa wanachama. Sudan walianza mwaka 1979, na Kenya kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Hapa nchini mlango umeshafunguliwa pia, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ndiyo ya kuulizwa nani ana leseni.

Kinachonisikitisha ni kwamba makafiri wametutangulia katika jambo letu. Kule Uingereza, mwanachama wa chama cha wanamuziki au cha waigizaji anapata kinga ya dhima hadi pauni milioni 10 kwa sababu tu amejiunga na wenzake. Kijana mmoja wa kaswida akienda peke yake kwa wakala ataona ada ni kubwa. Vikundi vya wilaya nzima vikienda pamoja, mazungumzo ni mengine.

Bibi sasa anatembea kwa mkongojo. Tumechangishana, wazazi wa madrasa na vijana wenyewe, na deni limebaki laki 3. Jumamosi ijayo viongozi wa vikundi vinne wanakutana na wakala, nami nimealikwa. Swali la kwanza tulilokubaliana kumuuliza ni kama spika ya kukodi imo au haimo, maana ile iliyoanguka haikuwa yao.