Kikaango cha Chuma: Kukichagua na Kukitunza

Mtu asafiriye kwa barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar hupita Kainuk, mji mdogo ulio mpakani mwa Turkana na Pokoti Magharibi. Hapo wasafiri hushuka kula, na chakula hupikwa kando ya njia juu ya makaa. Mwanamke auzaye chapati na nyama ya kukaanga hana chombo kimfaacho kupita kikaango chake, ambacho watu wa pwani hukiita pia tawa. Kikiharibika, biashara ya siku hiyo imeharibika.

Zamani chuma kilikuwa adimu katika nchi hii. Waturkana waliweka maziwa na mafuta katika vyombo vya mti na vya ngozi, na vitu vyao vingi vya chuma walivipata kwa kubadilishana na majirani, wakiwemo Walabwor wa Uganda, wahunzi wenye sifa. Siku hizi vikaango hufuliwa na mafundi wa jua kali, ambao jina lao lilitokana na kufanya kazi pasipo kivuli. Wanaojulikana zaidi ni wale wa Kamukunji, Nairobi. Chuma chao aghalabu ni chuma kikuukuu: mabamba, mapipa, na mabaki ya magari.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si bei, bali ni hili: bamba hili lilikuwa nini kabla ya kuwa kikaango? Fundi mwaminifu hachukii kuulizwa. Pipa lililochukua dawa ya kuua wadudu halifai kabisa kwa chombo cha chakula, hata likioshwa mara kumi. Chuma chenye rangi ya zamani nacho kikataliwe, maana rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Kuna hatari nyingine isiyotambulikana upesi. Mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Zinki huyeyuka katika joto la digrii 419 tu, na nyanya, ndimu au maziwa yaliyoganda huweza kuitoa ikaingia katika chakula, na mlaji akashikwa na tumbo na kutapika. Ikipata moto mkali sana hutoa moshi mweupe uletao homa na kutetemeka. Basi asijaribu mtu kuichoma nyumbani ili kuiondoa. Sumaku haisaidii hapa, kwa kuwa huvuta bati sawasawa na chuma kitupu. Jicho ndilo lisaidialo: bati jipya hung'aa, na mara nyingi huonyesha mabaka kama maua, hali chuma kitupu ni cheusi au cha kijivu kilichofifia.

Mnunuzi akiisha kuridhika na chuma, na atazame kazi. Bamba la pipa lina unene wa milimita 1 hivi, hupata moto upesi na kuunguza chapati katikati huku kandoni ni mbichi. Bamba la milimita 3 ni zito, lakini hushika joto na kulieneza. Kikaango kiwekwe juu ya mahali palipo sawa. Kikiyumba, mafuta yatakimbilia upande mmoja. Mpini utikiswe kwa nguvu. Misumari iliyolegea dukani itang'oka jikoni, na mafuta ya moto hayana huruma.

Kikaango kipya kisitumiwe siku hiyo hiyo. Kwanza kisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto, kikaushwe juu ya makaa, kisha kipakwe mafuta ya alizeti au ya mahindi kwa kitambaa, yafutwe mpaka yaonekane kama hayapo, na kichomwe mpaka moshi uishe. Ifanywe hivyo mara tatu au nne. Mafuta hayo hugeuka kuwa ngozi nyeusi, ngumu, izuiayo kutu na kunata. Mafuta ya mkia wa kondoo ni matamu katika chakula, lakini kwa kazi hii hayawi magumu vizuri, na yakikaa hutoa harufu mbaya.

Hapa ndipo wengi hukosea. Desturi ya kusugua sufuria kwa mchanga wa mto na majivu ni nzuri kwa sufuria. Kwa kikaango cha chuma ni kukichuna ngozi. Kipanguswe kingali na uvuguvugu, kwa maji kidogo, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta kidogo. Kisimwagiwe maji ya baridi kingali cha moto, maana kitapindika. Wala mchuzi wa nyanya usilazwe ndani yake.

Chuma kidogo kiingiacho katika chakula si sumu kama zinki au risasi. Utafiti uliofanywa Ethiopia, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma kwa miezi 12 walikuwa na damu bora kuliko waliopikiwa katika vyungu vya alumini. Hata hivyo mtoto aliyepungukiwa damu apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Na kikaango kilichokwisha kushika kutu kisitupwe. Hapo ndipo mchanga unaporuhusiwa: kisuguliwe mpaka chuma kionekane, kikaushwe, na kianzwe upya kwa mafuta na moto kama siku kilipotoka kwa fundi.