Sakafu ni ya Watu: Somo la Kupanga Sebule Ndogo

Somo hili ni la vikundi vya masomo katika vyama vya msingi. Katibu wa chama anaombwa alisome mbele ya wanachama sehemu kwa sehemu, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea. Vifaa vinavyohitajika ni futi kamba, chaki na kipande cha karatasi.

1. Kwa nini ushirika uzungumzie sebule

Unapotokea msiba katika nyumba ya kijijini, kazi ya kwanza ya majirani ni kutoa makochi nje. Vijana wanne hushika kochi kubwa, hulipindua ubavu ili lipite mlangoni, kisha hulitua uani. Meza hufuata, na kabati husukumwa pembeni. Ndipo mikeka hutandikwa na watu hupata mahali pa kuketi. Ikiwa mvua inanyesha, vitambaa vya makochi hulowa, na mwenye nyumba, juu ya majonzi aliyo nayo, huhesabu hasara nyingine.

Jambo hilo lina fundisho. Siku nyumba inapowahitaji watu kuliko siku zote, vitu vilivyonunuliwa kwa fedha nyingi kuipamba ndivyo vinavyoondolewa kwanza. Yafaa basi kujiuliza kama chumba kilikuwa kidogo kweli, au kilijazwa.

Swali hili linauhusu ushirika kwa sababu mbili. Kwanza, fedha zinazonunua samani hizo mara nyingi ni malipo ya mazao au mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Pili, sebule ya mwanachama si yake peke yake. Humo hukutana kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, humo huketi wazee walioleta posa, humo watoto husomea jioni, na usiku humo hulala mgeni. Chumba kimoja hubeba kazi nne au tano.

2. Hesabu ya sakafu

Mweka hazina hawezi kusema chama kina fedha za kutosha mpaka ahesabu. Hali kadhalika, mwanachama hawezi kujua ukubwa wa sebule yake mpaka apime. Tuchukue mfano wa sebule yenye urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 3. Sakafu yake ni mita za mraba 10.8. Huo ndio mtaji wa chumba, wala hauongezeki.

Mwanachama wa kwanza ananunua seti kamili mjini: kochi la watu watatu, kochi la watu wawili, makochi mawili ya mtu mmoja mmoja, meza ya katikati na kabati la vyombo. Matumizi ya sakafu yake ni haya:

Kochi la watu watatu, mita 1.9 kwa 0.9: 1.71
Kochi la watu wawili, mita 1.4 kwa 0.9: 1.26
Makochi mawili, kila moja mita 0.9 kwa 0.9: 1.62
Meza ya katikati, mita 1.2 kwa 0.6: 0.72
Kabati, mita 1.5 kwa 0.5: 0.75
Jumla: mita za mraba 6.06

Zinabaki 4.74. Mlango wenye upana wa sentimita 80 unaofungukia ndani hufagia karibu nusu mita ya mraba, mahali ambapo hapawezi kuwekwa kitu. Zinabaki 4.24 tu, nazo zimekatika vipande vipande. Makochi mawili yakitazamana kwenye upana wa mita 3, kati yake hubaki mita 1.2. Meza ikiwekwa hapo, kila upande hubaki sentimita 30, yaani futi moja. Mgeni hupita ubavu ubavu, na anayeleta chai hulazimika kuipitisha juu ya magoti ya watu. Nafasi ya watu kuketi ni saba.

Mwanachama wa pili anamwendea fundi seremala wa kijijini. Anaagiza benchi lenye egemeo na mito ya sponji, viti viwili vyepesi, meza ndogo, na stuli mbili ambazo zikiisha kutumika husukumwa chini ya benchi. Vyombo anaviweka kwenye rafu ukutani. Hesabu yake ni hii:

Benchi, mita 2.4 kwa 0.5: 1.20
Viti viwili, kila kimoja mita 0.6 kwa 0.6: 0.72
Meza ndogo, mita 0.45 kwa 0.45: 0.20
Stuli, chini ya benchi: 0
Rafu, ukutani: 0
Jumla: mita za mraba 2.12

Baada ya kutoa mahali pa mlango, zinabaki mita za mraba 8.18, karibu mara mbili ya zile za jirani yake. Benchi linaketisha watu wanne, viti wawili, na stuli wawili. Jumla ni watu wanane. Chumba ni kile kile, lakini kina watu zaidi na uwazi zaidi. Ukija msiba, viti viwili na meza hubebwa na kijana mmoja, na benchi hubaki ukutani kwa ajili ya wazee.

3. Waliotangulia walijua

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Unguja, dari zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na vyumba vingi havikuzidi sana mita 3. Hata hivyo, anayeingia humo haoni finyu. Kuta zilipakwa lipu ya chokaa nyeupe inayotawanya mwanga. Katika unene wa ukuta zilijengwa zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vyombo na vitabu, ili vitu visishuke sakafuni. Nje ya mlango ilijengwa baraza ya kupokelea wageni, na kwa hiyo si kila aliyekuja alihitaji nafasi ya ndani.

Watu wa mbali pia walifikia shauri hilo hilo. Katika nyumba za jadi za Ujapani, chumba hupimwa kwa idadi ya majamvi yaliyotandikwa, kila moja likiwa na urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa karibu sentimita 90. Chumba cha majamvi sita ni karibu mita za mraba 10, yaani karibu sawa na sebule ya mfano wetu. Mchana watu huketi humo na kula kwenye meza fupi. Usiku matandiko hutolewa ndani ya kabati la ukutani, na asubuhi hukunjwa na kurudishwa. Chumba kimoja hufanya kazi mbili kwa sababu hakuna kitu kinachokaa sakafuni pasipo kazi.

4. Kanuni za kupanga

Kutokana na hayo, mwanachama na afuate kanuni zifuatazo.

(a) Kifaa kikubwa kiwekwe kwenye ukuta mrefu usio na mlango. Kisikae katikati wala mbele ya dirisha.

(b) Anayesimama mlangoni aweze kuona ukuta wa pili au dirisha bila kizuizi. Jicho likifika mbali, chumba huonekana kirefu. Likigonga mgongo wa kochi, huonekana kifupi.

(c) Njia ya kupita iachwe upana wa sentimita 75. Mahali wanapopishana watu wawili iwe sentimita 90.

(d) Samani zichaguliwe zenye miguu. Sakafu ikionekana chini ya benchi, jicho huihesabu kuwa sehemu ya chumba, na fagio nalo hupita kwa urahisi.

(e) Vitu vipande ukutani. Rafu ya upana wa sentimita 25, iliyofungwa juu ya kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, hubeba redio, vitabu na vyombo vya wageni. Televisheni bapa nayo yaweza kufungwa ukutani kwa vyuma vyake.

(f) Picha zikusanywe pamoja kwenye ukuta mmoja. Picha zilizotawanywa kuta zote nne, pamoja na kalenda za miaka iliyopita, hulichosha jicho na kuzisogeza kuta karibu. Kalenda ya mwaka uliopo yatosha.

5. Mwanga na rangi

Rangi nyeupe na rangi hafifu hurudisha mwanga. Rangi nzito huumeza. Sebule yenye dirisha moja ipakwe rangi hafifu kuta zote, na dari ipakwe nyeupe zaidi ya kuta. Mkanda wa rangi nzito chini ya ukuta, ambao wengi huupaka ili kuficha uchafu, usizidi kimo cha sentimita 20, kwani ukipanda mpaka kiunoni huushusha ukuta.

Asiye na fedha za rangi ya dukani atumie chokaa. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na chumvi kidogo huongezwa ili ishike. Ukuta hufagiwa, hunyunyizwa maji, kisha hupakwa mikono miwili myembamba, wa pili ukingojea wa kwanza ukauke. Mpakaji ajikinge macho na ngozi, maana chokaa huunguza. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya mafuta haushiki chokaa.

Fimbo ya pazia izidi dirisha kwa sentimita 20 au zaidi kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani wala lisizibe kioo. Kitambaa chake kiwe chepesi na kifanane na rangi ya ukuta. Kioo cha kujitazamia, kikitundikwa ukuta unaoelekea dirisha, huongeza mwanga na kuonyesha kama pana dirisha la pili. Taa ya mafuta isiwekwe karibu na pazia kwa hali yoyote.

Dirisha lifunguliwe kila siku. Chumba kidogo chenye watu wengi na hewa iliyofungwa hueneza kifua kikuu na mafua, na hakuna pambo linaloweza kufidia hewa safi.

6. Fedha kabla ya samani

Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Husifiwa katika kuweka akiba, lakini hufanya kazi vivyo hivyo katika kujaza chumba. Leo huingia stuli, mwakani kabati la bei nafuu, kisha kochi la zamani la ndugu aliyehama. Hakuna kilichotoka, na mwishowe mwenye nyumba husema nyumba imekuwa ndogo na huanza kutafuta mkopo wa kuipanua.

Mwanachama asinunue samani siku ya malipo ya mazao. Kwanza apime chumba na mlango, achore kwa chaki sakafuni umbo la kifaa anachokitaka, na aishi na mchoro huo kwa wiki moja. Ikiwa watu wa nyumbani wanaukanyaga kila wanapopita, kifaa hicho hakina mahali pake. Chaki haina riba, lakini kochi lililochukuliwa kwa mkopo huendelea kulipiwa msimu hata msimu, pengine wakati karo na mbolea zinasubiri. Kamati ya mikopo nayo ingefanya vema kumuuliza mwombaji wa mkopo wa samani swali moja: je, umepima?

7. Ofisi ya chama

Makatibu wasidhani somo hili ni la majumbani tu. Ofisi nyingi za vyama ni chumba kimoja, na siku ya malipo wanachama hubanana mlangoni huku meza ya katibu na viti vibovu vikichukua sakafu yote. Viti vibovu vitengenezwe, au kamati ikate shauri viuzwe. Benchi la kungojea liwekwe nje, chini ya kivuli. Rafu zipande mpaka darini. Lakini vitabu vya hesabu, stakabadhi na daftari la wanachama visitupwe kwa kisingizio cha kupata nafasi. Hivyo vitawekwa katika kabati lenye kufuli, maana ndivyo ushahidi wa mali ya wanachama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kuja pasipo na pa kuketi. Samani ni za kuwatumikia watu, na sakafu ni ya watu.

Maswali ya majadiliano

1. Sebule ya katibu ina urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 2.8. Sakafu yake ni mita za mraba ngapi? Kochi la watu watatu lililotajwa hapo juu litachukua kiasi gani?
2. Tajeni kazi zote zilizofanyika katika sebule zenu mwezi uliopita. Ni vifaa gani vilivyosaidia kazi hizo, na ni vipi vilivyozuia?
3. Ikiwa kikundi cha akina mama kumi na wawili kitakutana katika sebule ya mfano, ni mpangilio gani utakaofaa?
4. Kazi ya vitendo: kila mwanachama apime sebule yake, aandike hesabu ya sakafu kama ilivyofanywa katika sehemu ya 2, na ailete katika mkutano ujao.