Kutunga Swali Kabla ya Kutafuta Jibu: Mfano wa Dawa ya Kichocho Shuleni

Wanachuo wakiwa katika mazoezi ya kufundisha huandika mara nyingi madaftarini mwao: "Afya ya wanafunzi ni mbaya, nifanye nini?" Hilo ni lalamiko lililotiwa alama ya kuuliza, wala halina jibu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wauguzi wanavyotunga swali la kuboresha kazi yao, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuifuata njia hiyo. Tumechagua kazi ambayo mwalimu na muuguzi huifanya kwa ushirikiano, yaani kuwapa watoto dawa ya kichocho.

1. Hali ilivyo

Tuuchukue Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Huko watoto huchota maji malamboni, hunywesha mifugo na huwasaidia wazazi katika majaruba ya mpunga. Katika maji hayo huishi konokono wanaotunza vijidudu vya kichocho, navyo humwingia mtoto kwa kupenya ngozi. Dalili ijulikanayo zaidi ni mkojo wenye damu. Upande wa Busega, ufukoni mwa Ziwa Victoria, ipo pia aina ishambuliayo matumbo.

Dawa iitwayo prazikwanteli hugawiwa mashuleni, na wagawaji ni walimu waliopewa mafunzo. Kiasi cha dawa hukadiriwa kwa fimbo ya kupimia urefu. Mwanafunzi mwenye sentimita 125 hadi 137, kwa mfano, hupewa vidonge 2 vya miligramu 600. Dawa ni salama, lakini baadhi ya watoto huumwa tumbo, huona kizunguzungu au hutapika, na mtoto mwenye njaa huathirika zaidi. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, madhara ya namna hiyo yalizusha uvumi na ghasia katika baadhi ya shule. Basi imani ya wazazi yaweza kupotea kwa asubuhi moja.

2. Sehemu nne za swali

Mwaka 1995 daktari W. Scott Richardson na wenzake walieleza kwamba swali jema la tiba lina sehemu nne, nazo wauguzi huzitumia hadi leo:

(a) Watu: tunamzungumzia nani?
(b) Hatua: tutafanya nini?
(c) Mlinganisho: tutailinganisha hatua hiyo na nini?
(d) Matokeo: tutahesabu nini ili tujue kama tumefaulu?

3. Kulinyoosha swali

Jaribio la kwanza: "Kwa nini watoto hawapendi dawa?" Hapa hakuna hatua wala matokeo.

Jaribio la pili: "Je, chakula hupunguza kutapika kwa watoto wanaomeza prazikwanteli?" Swali hili limekamilika zaidi, lakini jibu lake linajulikana tayari. Kuwaacha watoto wengine na njaa ili tuhakikishe jambo lijulikanalo ni kuwadhulumu. Muuguzi mwema huuliza kwanza: je, haya hayajajibiwa?

Jaribio la tatu: "Kwa wanafunzi wa shule yetu, je, kupika uji shuleni asubuhi ya siku ya dawa, badala ya kuwaagiza wazazi wawalishe watoto nyumbani, kutaongeza idadi ya wanaomeza dawa na kupunguza idadi ya wanaotapika siku hiyo?" Sasa hatuulizi kama chakula kinafaa, tunauliza ni njia ipi itakayomfikishia chakula mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri na kutembea mwendo mrefu.

Mlinganisho utatoka katika daftari la ugawaji uliopita, ili asiwepo mtoto anayenyimwa uji. Hata hivyo tusijidanganye. Pengine mwaka huu waliotapika ni wachache kwa kuwa maradhi yenyewe yamepungua. Kwa hiyo tuandike pia ni wangapi waliokuja bila kula chochote, na tuwe na kiasi katika kutoa hukumu.

4. Tahadhari

Mwanachuo asianze kazi hii peke yake. Apate idhini ya mwalimu mkuu, ashauriane na wahudumu wa zahanati, na wazazi waelezwe mapema madhara yanayoweza kutokea. Ahesabu idadi tu. Majina ya watoto waliougua yasitangazwe. Mtoto anayezidiwa apelekwe zahanati mara moja, hata kama hesabu itaharibika.

5. Zoezi

Chagua tatizo moja la afya uliloliona katika shule ya mazoezi, kama vile kunawa mikono baada ya kutoka chooni. Andika swali lako mara tatu, na kila mara uonyeshe sehemu iliyopungua. Kisha mpe mwenzako alisome. Akiweza kukuambia, bila kukuuliza neno, kitu gani kitahesabiwa na siku gani, swali lako liko tayari kwenda darasani.