Mtumishi kutoka ng'ambo: kibali kwanza, mimbari baadaye

Kazi yangu kanisani, hapa Karagwe, ni kufuatilia vibali vya watumishi wasio raia: wachungaji kutoka Uganda na Rwanda, masista wa mashirika ya kigeni, wauguzi wa kujitolea kutoka Ulaya. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama mtumishi akihudumu muda mrefu anapata haki ya kukaa nchini moja kwa moja. Hapati. Kibali chake kina tarehe ya mwisho, na kimefungwa kwa kanisa lililomwombea.

Kwetu mpakani hilo ni gumu kueleweka. Ukivuka Mto Kagera pale Murongo, wilayani Kyerwa, unaingia Kikagati, Uganda, na Mnyambo na Mnyankore wanaongea bila mkalimani. Mwinjilisti anaalikwa mkutano wa injili, waumini wanampenda, wanampa nyumba, basi anaanza kuchunga kondoo. Hakuna anayemwona mgeni. Lakini mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Geita na Kigoma, watu walioishi huku miaka mingi, wenye wake na mashamba, waliondolewa kwa kukosa karatasi. Yaliyowapata hayo yananifanya nisisitize kwamba mgeni asipande mimbarini kama mtumishi wa kudumu kabla vibali havijatoka. Pasi ya matembezi si ruhusa ya kazi, hata kwa raia wa Afrika Mashariki.

Vibali ni viwili, na herufi zake huwachanganya wengi. Cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Watumishi wa dini na wa taasisi za hisani wako Daraja D. Cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, nacho ni Daraja C. Maombi hufanywa mtandaoni, ila ugumu haupo kwenye kompyuta. Upo kwenye kabati la kanisa.

Anza na usajili. Mwombaji hasa ni taasisi, kwa hiyo cheti cha usajili kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani kiwepo, na hati za wadhamini ziwe hai. Usharika au parokia isihangaike peke yake. Ipitie makao ya dayosisi, Lukajange, kama ni ya Kilutheri (KKKT), au ofisi za Jimbo Katoliki la Kayanga, kwani hati mama ziko huko. Makanisa madogo ya kujitegemea ndiyo hukwama zaidi, maana mengine yana barua ya mchungaji tu, na barua hiyo haitoshi.

Kisha mkataba. Uandike cheo, kituo cha kazi, muda, na nani anamlisha na kumlaza mtumishi. Sista asiyelipwa mshahara naye anahitaji kibali cha kazi, kwa sababu sheria inaangalia shughuli pamoja na ajira. Eleza pia ni Mtanzania gani anaandaliwa kushika nafasi hiyo. Mpango wa kurithisha ujuzi ni takwa la sheria, nami naona ni takwa la haki. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe mapema. Majina yalingane herufi kwa herufi na paspoti.

Kibali cha kazi huwa cha miezi 24, kisha huhuishwa. Fungua faili la kuhuisha miezi kadhaa kabla, na nakala za vibali vya zamani usizitupe kamwe.

Nakala hizo ndizo zitakazomsaidia anayetaka kubaki maisha yake yote, maana njia yake ni uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inadai awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika 10 iliyotangulia miezi hiyo. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na akikubaliwa aukane uraia wake wa awali. Maombi hupitia ngazi za chini, wilaya na mkoa hadi kwa Waziri, ambaye halazimiki kutoa sababu akikataa.

Wazee wa kanisa wa Karagwe na Kyerwa, kama mna mtumishi asiye na kibali, nendeni naye Uhamiaji Kayanga au Bukoba wiki hii, kanisa likiwa mbele yake. Msimwache aende peke yake.