Kubadilisha Tairi la Pikipiki Kubwa: Somo kwa Wenye Vyombo na Abiria Wao

Katika kata nyingi za vijijini, pikipiki ndiyo inayombeba mama mjamzito usiku kuelekea zahanati, ndiyo inayofikisha gunia la mahindi sokoni, na ndiyo chombo cha kazi cha mtendaji wa kata na afisa ugani. Chombo hicho hugusa ardhi mahali pawili tu, na kila mahali hapazidi sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Breki, kona na uthabiti wa mwendo juu ya changarawe hutegemea viganja hivyo viwili vya mpira.

Tairi lililokwisha hujitambulisha lenyewe. Ubavuni huwa pameandikwa herufi TWI; mkabala nazo, ndani ya mifereji ya tairi, mna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikichakaa hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limemaliza kazi yake. Nyufa za ubavuni, uvimbe, au nyuzi zilizojitokeza ni sababu za kuliondoa siku hiyo hiyo. Abiria naye anaweza kuyaona hayo kabla ya kupanda, na ana haki ya kutafuta chombo kingine. Wapo wanaochonga mifereji mipya kwa kisu juu ya tairi kipara. Kufanya hivyo ni kuondoa mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi, na tairi la namna hiyo ni hatari kuliko lile kipara lenyewe.

Wakati wa kununua, namba za ubavuni ni muhimu kuliko bei. Tairi la 3.00-17 lina upana wa inchi 3 na huingia kwenye ringi ya kipenyo cha inchi 17. Pikipiki ndefu za barabara mbaya mara nyingi hutumia 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma, na namba hizo haziingiliani na zile za pikipiki za lami. Baada ya ukubwa hufuata namba ya uzito: 50 maana yake ni kilo 190, nayo ni mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa juu ya tairi hilo likiwa na upepo wa kutosha. Hapa yafaa kupiga hesabu. Pikipiki ya kilo 120 hulaza karibu nusu ya uzito wake nyuma. Gunia la kilo 100 huelemea nyuma karibu lote. Dereva naye huongeza sehemu yake. Kikomo kimefikiwa kabla abiria hajapanda. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha tarehe ya kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani huwa limekauka, hata kama kashata zake ni kamili.

Kazi ya kufungua huanza gurudumu likiwa bado chini, kwa kulegeza nati ya ekseli. Kisha pikipiki husimamishwa imara, na kila bushi inayotoka huwekwa kwa mpangilio ilivyotoka. Gurudumu la mbele lenye diski likishatolewa, breki yake isiminywe. Upepo utolewe wote, kisha ukingo wa tairi ubanduliwe kwenye ringi pande zote mbili.

Tairi la pikipiki kubwa ni gumu, na hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Ndani ya ukingo mna waya wa chuma usiovutika. Katikati ya ringi pana sehemu iliyobonyea. Ukingo wa upande mmoja ukisukumwa ndani ya sehemu hiyo, upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka ringi kwa vyuma bapa viwili au vitatu. Fundi anayelazimika kupiga nyundo hajaushusha ukingo mahali pake. Kupiga nyundo ni desturi ya vijiwe vingi, nayo hupinda ringi na kukata waya.

Kabla ya kuvisha tairi jipya, ringi isafishwe na utepe unaofunika vichwa vya spoki ukaguliwe. Tyubu nayo iwe mpya, kwa kuwa ya zamani imekwisha kutanuka na hujikunja ndani. Mshale wa ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia. Maji ya sabuni hulainisha. Oili na grisi huharibu mpira. Ukingo wa mwisho huanza kuingizwa mkabala na valvu na kumalizikia kwenye valvu, ili tyubu isibanwe na chuma. Tairi likijazwa, mstari mwembamba wa ubavuni uonekane kwa umbali ulio sawa kutoka kwenye ringi pande zote.

Kurudisha gurudumu ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Kwenye breki ya dramu ya nyuma pana kipande cha chuma kinachozuia bamba la breki lisizunguke. Kikisahauliwa, au nati yake ikiachwa bila pini, breki ya kwanza ya nguvu huzungusha bamba zima na gurudumu huweza kujifunga ghafla. Alama za kurekebishia mnyororo zilingane kushoto na kulia. Kwenye breki ya diski, mkono wa breki uminywe mara kadhaa hadi uwe mgumu kabla pikipiki haijasogea. Asiyefanya hivyo huigundua breki yake haishiki akiwa tayari barabarani.

Upepo upimwe kwa geji tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kubonyeza kwa kidole gumba si kipimo. Mpira mpya huteleza, hivyo kilomita 150 za mwanzo ziendeshwe taratibu, hasa kwenye kona na siku za mvua.

Tairi la zamani lisiachwe nyuma ya nyumba. Maji ya mvua yanayotuama ndani yake ni mazalia ya mbu aenezaye homa ya dengi, na kulichoma hutoa moshi wenye sumu. Likatwe au litobolewe lisituamishe maji, kisha lipelekwe mahali pa kukusanyia taka.